Land Rover Series III ya petroli: mwongozo kamili wa kupanga upya waya za kuwasha injini

"Selfu inapiga, koili mpya, kondensa mpya, plagi mpya, gari haliwaki." Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi, na siku hizi najibu kwa swali moja tu: ile waya inayoingia kwenye koili, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri hadi kuwa cheche, inatoka wapi? Karibu kila anayeulizwa ananyamaza, kisha anaandika, "Ngoja nikaangalie."

Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Gari la miaka arobaini na zaidi limepita kwa mafundi wengi, na kila mmoja aliyekuta halina umeme mahali fulani alivuta waya yake mwenyewe, akaiacha ya zamani ikining'inia. Ukinunua koili mpya na kuichomeka kwenye fujo hiyo, umenunua koili tu. Waya zimebaki vilevile.

Mwongozo huu ni wa Series III ya petroli, injini ya silinda nne ya cc 2286, yenye pointi (vigusano vidogo vinavyounga na kukata umeme wa koili) na alternata (mashine ya kuchaji betri). Ya dizeli haina koili wala plagi za cheche, kwa hiyo huu haikuhusu. Kama lako ni Series II au IIA la kabla ya 1967, soma kwanza onyo lililo kwenye hatua ya 3.

Neno moja kabla hatujashika koleo. Gereji zetu zina tabia ya kuita kila kitu "moto": umeme wa volti 12 ni moto, cheche ya plagi nayo ni moto. Fundi anakwambia "moto upo," wewe unadhani plagi zinachoma, kumbe yeye amegusisha testa kwenye koili basi. Hapa nitasema "umeme" kwa zile volti 12, na "cheche" kwa kinachoruka kwenye plagi.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla hivi havijawa mezani, maana kazi ikiachwa katikati utasahau waya ipi ni ipi.

- Mita ya umeme ya kawaida, yenye kupima volti na omu.
- Balbu mbili za indiketa za wati 21, kila moja ikiwa na waya mbili ndefu zenye klipu za mamba. Hizi ni muhimu kuliko mita, na sababu utaiona.
- Waya ya magari ya nyuzi nyingi (kazi ya kila rangi iko sehemu inayofuata): milimita za mraba 3 kwa kahawia, 2 kwa nyeupe na kwa ile ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya selfu), 1 kwa taa za dashibodi na kwa waya ya kutoka koili kwenda distributa (kigawa cheche kwa plagi). Waya ya nyumbani yenye uzi mmoja mgumu usiiguse. Mtetemo wa injini utaikata.
- Terminali za kubana, pamoja na koleo lake halisi. Plaizi ya kawaida inaziponda, haizibani.
- Mipira ya kusinyaa kwa joto, tepu ya kitambaa, na mipira ya kuweka kwenye matundu ya bati.
- Mkanda wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) wa nyuzi za shaba zilizosukwa, kutoka injini hadi chesisi.
- Fila geji (ya kupimia mianya), msasa laini, brashi ya chuma.
- Kishikio cha fyuzi na fyuzi za ampea 10.
- Betri nzima. Ikiwa imetulia isome volti 12.4 au zaidi. Ya chini ya hapo ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakudanganya.

Rangi za waya ukizikosa kwa fundi umeme wa jirani, jaribu Gerezani ukiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Zikikosekana kabisa, tumia rangi uliyonayo lakini vika kipande cha mpira wa rangi sahihi ncha zote mbili. Utakayemuuzia gari atakushukuru.

## Waya zenyewe ni chache

Watu huogopa mchoro wa waya wa gari zima. Kuwasha injini kunahitaji waya nne tu, na Waingereza walizipa rangi zisizobadilika:

Kahawia ina umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Inatoka kwenye nguzo kubwa ya solenoidi ya selfu, pale waya nene ya betri inapoishia, hadi kwenye swichi ya ufunguo.

Nyeupe ina umeme ufunguo ukiwashwa. Inakwenda kwenye alama ya + ya koili.

Nyeupe yenye mstari mwekundu ina umeme wakati wa kupiga selfu tu. Inakwenda kwenye terminali ndogo ya solenoidi.

Nyeupe yenye mstari mweusi inatoka kwenye alama ya − ya koili kwenda ubavuni mwa distributa.

Utakutana pia na kijani, ambayo ni ile nyeupe baada ya kupita kwenye fyuzi, ikienda kwenye waipa, geji na indiketa. Nyeupe yenye mstari wa kahawia ni taa ya oili. Kahawia yenye mstari wa njano ni taa ya chaji. Nyeusi ni ethi. Nyingine zote kwa leo si kazi yako.

## Hatua ya 1: Toa betri, piga picha

Fungua terminali ya ethi kwanza, kisha ya chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche usiyoitaka, tena jirani na betri inayotoa gesi.

Piga picha nyuma ya dashibodi, kwenye solenoidi, kwenye koili. Piga nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Kisha bandika karatasi kwenye kila waya unayoifungua: ilikotoka, siyo rangi yake. Rangi inaweza kuwa ya uongo.

## Hatua ya 2: Fukuza waya za bandia

Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Shika koili. Kwenye + inatakiwa iingie waya moja nyeupe, labda na ya pili nyeupe iliyoungana nayo kupeleka umeme mahali pengine. Ukikuta nyekundu, bluu, au waya ya spika ya redio, ifuate kwa mkono hadi mwisho wake. Usiikate katikati. Ifuate.

Utakachokikuta mara nyingi ni kimojawapo cha hivi. Ya kwanza ni waya ya "moja kwa moja" kutoka betri, iliyowekwa siku gari lilipozima porini, na haikutolewa tena. Ya pili ni kitufe cha kupigia selfu chini ya dashibodi, kwa sababu swichi ya ufunguo ilichoka. Ya tatu, ambayo huku kwetu ni ya kawaida mno, ni swichi ya siri ya kuzuia wezi, chini ya kiti au nyuma ya paneli. Mwenye gari wa kwanza aliijua, wa pili aliambiwa, wa tatu hajui hata kama ipo. Kutu inaingia ndani yake, gari linaanza kukata safarini, na wewe unabadilisha kabureta.

Mimi mwenyewe niliwahi kuteketeza koili mbili katika wiki moja. Nilikuwa nazima kwa ufunguo, injini inazima, naenda kulala. Ndani ya kava la kiti kulikuwa na swichi iliyokuwa ikirudisha umeme kwenye koili kila mtu alipokaa upande wa kushoto. Nilimlaumu muuza vipuri, na hakuwa na kosa.

Waya zote za bandia zitoe mzima mzima. Ukitaka swichi ya siri utaiweka upya mwishoni, kwa waya nzuri na mahali unapopajua.

*Umefaulu kama:* kila waya iliyobaki unaweza kusema inatoka wapi na inakwenda wapi, bila kubahatisha.

## Hatua ya 3: Ethi kabla ya yote

Injini ya Land Rover imekalia mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kama mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi haupo au umekatika, umeme mkubwa wa selfu utatafuta njia nyingine ya kurudi betri, na njia inayopatikana kirahisi ni kebo ya choki. Ukiona kebo ya choki inapata moto au inatoa moshi unapopiga selfu, usihangaike na choki.

Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae mahali mkanda unapofungwa, pande zote mbili. Fanya hivyo pia pale waya ya betri inapofungwa kwenye chesisi. Ukishakaza, paka grisi juu. Bodi ni aluminiamu na chesisi ni chuma, na madini hayo mawili yakikutana kwenye unyevu yanalana. Usitegemee bodi kuwa njia ya ethi ya kitu chochote kizito.

Onyo kwa wenye magari ya kabla ya 1967: hayo yalitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi. Angalia betri imefungwaje kabla hujafunga kitu. Ukiacha hivyo, upande wa + wa koili ndio unaokwenda distributa, na − ndiyo inayopokea umeme kutoka swichi. Ukifunga alternata ya kawaida kwenye gari la namna hiyo bila kugeuza, daiodi zake zitaungua papo hapo.

*Umefaulu kama:* mita ikiwa kwenye omu, kati ya bloku ya injini na mahali pa kufungia ethi ya betri inasoma karibu na sifuri. Jaribio la kweli litakuja wakati wa kupiga selfu.

## Hatua ya 4: Pima swichi ikiwa mezani

Usiamini namba zilizoandikwa mgongoni mwa swichi, kwa sababu swichi za kuigiza hazifuati mpangilio mmoja. Itoe, iweke mezani, weka mita kwenye omu au mlio.

Tafuta terminali ambayo inaungana na nyingine zote kulingana na ufunguo ulipo. Hiyo ndiyo ya kahawia. Geuza ufunguo hadi nafasi ya kuwasha: inayolia ni ya nyeupe. Geuza hadi kupiga selfu na ushikilie: inayoongezeka ni ya nyeupe yenye mstari mwekundu. Huku ukiwa umeshikilia hapo, rudi upime ya nyeupe. Ni lazima iendelee kulia.

Hilo la mwisho wengi hawalipimi. Swichi iliyochoka hukata nyeupe pale ufunguo unapofika kwenye selfu. Injini inazunguka bila cheche, unaachia ufunguo, inapiga "puh" moja na kunyamaza. Ukiona gari linataka kuwaka kila unapoachia ufunguo, kosa liko hapa, na dawa yake ni swichi.

## Hatua ya 5: Laza waya, moja baada ya moja

Anza na kahawia: solenoidi hadi swichi. Kisha nyeupe: swichi hadi koili. Kisha nyeupe yenye nyekundu. Nyeupe yenye nyeusi acha kwanza.

Kila waya inayopita kwenye tundu la bati ivike mpira. Bati la Land Rover ni kisu, na waya ya kahawia haina fyuzi kutoka kiwandani. Ikichubuka, kinachokatika si fyuzi, ni gari kuungua. Ipitishe mbali na bomba la ekzosi, na iache na ulegevu kidogo inapovuka kutoka bodi kwenda injini, maana injini inacheza.

Kuhusu fyuzi kwenye nyeupe ya koili, mafundi wanabishana. Kiwanda hakikuweka, kwa hoja kwamba fyuzi ikikatika unazimikiwa barabarani. Mimi naweka ya ampea 10 karibu na swichi na kubandika ya akiba pembeni yake. Koili inakula takriban ampea 4, kwa hiyo fyuzi hiyo haikatiki bila sababu.

## Hatua ya 6: Balbu mlinzi

Sasa zile balbu. Toa fyuzi zote za gari, isipokuwa ile ya koili kama uliiweka. Funga chanya ya betri kama kawaida. Kwenye ethi, usifunge waya yenyewe: weka balbu moja ya wati 21 katikati, klipu moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye waya ya ethi.

Kwa kufanya hivi, umeme wote wa gari unapita kwenye balbu. Kukiwa na shoti mahali popote, hakuna kitakachoungua. Balbu itawaka tu kwa nguvu zake zote. Usipige selfu katika hali hii, haitazunguka.

Ufunguo ukiwa umezimwa, balbu iwe giza kabisa. Ikiwaka, fungua kahawia kwenye swichi; ikizima, shoti iko kwenye swichi au mbele yake. Washa ufunguo, koili ikiwa bado haijaungwa: taa za chaji na oili ziwake kwa unyonge, balbu mlinzi ibaki giza au iwe na wekundu wa mbali. Ikiwaka kwa nguvu, nyeupe imegusa bodi mahali.

Mbona nisitumie mita peke yake? Kwa sababu waya iliyobakiza uzi mmoja mzima itakusomea volti 12 safi kwenye mita, kisha ishindwe kuendesha chochote. Mita haivuti umeme. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea mbili, na waya mbovu haiwezi kujificha mbele yake.

## Hatua ya 7: Koili, pointi na kile kiplastiki cha kutenga

Pima koili kabla ya kuifunga: kati ya + na − inatakiwa isome omu 3 hivi. Ikisoma omu 1.5, hiyo ni ya kutumiwa na rezista. Ukiilisha volti 12 moja kwa moja itachemka na kula pointi. Usikubali maneno ya "zote ni sawa".

Fungua kofia ya distributa. Kama ni ya kampuni ya Lucas, mwanya wa pointi zikiwa zimeachana kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.40. Pointi mpya zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kwa sababu zinapakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo hayapitishi umeme.

Halafu ule mtego. Waya ya koili na waya ya kondensa zinakutana kwenye nguzo ndogo pamoja na springi ya pointi. Zote tatu zigusane, lakini zisiguse nguzo yenyewe wala sahani inayobeba pointi. Kinachozitenga ni kipande kidogo cha plastiki. Kikikaa kinyume au kikisahaulika, koili inabaki imeshikwa kwenye ethi muda wote na cheche haitokei kamwe. Angalia pia ile waya nyororo ya ndani: kopo la vakyumu huzungusha sahani mara maelfu, nayo hukatikia ndani ya ganda lake ukiona nje nzima.

Funga nyeupe yenye nyeusi. Balbu mlinzi iendelee kuwepo. Toa plagi zote nne, washa ufunguo, na zungusha injini taratibu kwa mkono wa kukrenkia. Kama huna, weka gia ya nne na sukuma gari.

*Umefaulu kama:* balbu inawaka, inazima, inawaka, inazima, kwa kufuata mzunguko wa injini. Inawaka pointi zinapofunga, inazima zinapoachana. Jambo hili moja limethibitisha betri, kahawia, swichi, nyeupe, koili, pointi na ethi kwa mkupuo. Mimi bado hufurahi kuiona.

Ikiwaka bila kuzima, rudi kwenye kile kiplastiki, au kondensa ina shoti. Isipowaka kabisa, pointi ni chafu, waya nyororo imekatika, au sahani haina ethi.

## Hatua ya 8: Cheche

Toa balbu mlinzi, funga ethi kamili. Kuanzia sasa usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imesimama. Pointi zikiwa zimefunga, koili inachemka ndani ya dakika chache.

Chomeka plagi moja kwenye waya yake, ilaze chuma chake kiguse injini, mbali na matundu ya plagi na kabureta. Mvuke wa petroli hauulizi. Mwenzio apige selfu. Usishike waya kwa mkono, na usiache waya nene ya koili ikining'inia bila pa kurukia, kwa sababu volti zile maelfu kwa maelfu zitatoboa koili kwa ndani.

Cheche nzuri ni ya bluu na ina mlio mkavu. Ya njano na nyembamba ni ishara ya kondensa mbovu, rota (kidole kinachozunguka ndani ya distributa) inayovuja, au − na + za koili zimepishana.

Wakati selfu inapigwa, pima vitu viwili. Betri isishuke chini ya volti 9.6. Na kati ya bloku ya injini na nguzo hasi ya betri isizidi nusu volti. Ikizidi, ethi ya hatua ya 3 haikukaa.

Rudisha plagi, mwanya milimita 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2, namba 1 ikiwa upande wa rejeta. Tazama rota inazunguka kuelekea wapi, kisha zifuatishe waya upande huohuo. Gari linalokohoa na kurudisha mlipuko kwenye kabureta mara nyingi limepishana waya mbili.

## Hatua ya 9: Washa, kisha zima

Rudisha fyuzi, washa. Injini ikishika, iache itulie, pima betri: kati ya volti 13.8 na 14.4 alternata inachaji.

Kisha zima kwa ufunguo. Injini inatakiwa ife mara moja. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujagusa kitu, usikimbilie kuzima kwa gia. Angalia taa ya chaji: kuna mtu alitoa balbu yake na kuunga waya moja kwa moja. Alternata inarudisha umeme kupitia hapo hadi kwenye koili, na injini inajilisha yenyewe. Rudisha balbu ya wati 2.2, tatizo linaisha.

Baada ya hapo ndipo ufunge waya kwa tepu ya kitambaa. Wengi hufunga mapema kwa kupenda usafi, kisha wanakata tepu yote kutafuta waya moja. Endesha wiki nzima ukiwa na vifungo vya muda, pita kwenye barabara ya vumbi na mashimo, halafu guza kila kiungo kwa kidole. Kilicho na joto kibane upya, vilivyo baridi vifungie tepu.